Kanaran Aliyekuwa Mfalme Siku Mbili

Mwaka mzima Kanaran aligema utomvu wa mpira kwenye vilima vya Kuttiadi, na hakuna aliyemwita mfalme. Siku mbili za Onam, sikukuu ya mavuno, ndizo zilizombadilisha. Siku hizo aliigiza Maveli, yule mfalme wa kale aliyedidimizwa chini ya ardhi na mungu, akaachiwa ruhusa ya kurudi mara moja kwa mwaka kuwatazama watu wake. Kazi hiyo ni ya ukoo wao. Akishapakwa rangi na kuvikwa taji hasemi neno, wala nyayo hazitulii. Anapiga kengele mlango kwa mlango, na kila nyumba humpa mchele na kumwambia hali ni njema. Uongo mtupu mara nyingine, lakini nani ampe mfalme habari mbaya?

Mwaka ule mama yake, Chirutha, alikuwa hoi kitandani. Asubuhi alikunywa uji vijiko viwili, Kanaran akatoka roho ikiwa nusu. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimebaki mkewe Devu alipomkimbilia, anahema.

"Bwana wee, mama anakuita! Na hali yake, mh, usiniulize!"

Kanaran akafungua mdomo, akaufunga. Akageuza njia.

"We mfalme, na sisi je?" jirani akapiga kelele. "Au mchele wetu una wadudu?"

Aliingia kwao nyayo zikichezacheza. Mama yake alimjua, angekosaje? Ila rangi ikishapakwa hapana mwana hapo. Mama akaunganisha viganja kwa shida.

"Karibu, baba. Watu wako wazima. Ila nina mwanangu, Kanaran, mzembe mmoja hivi. Ukimkuta njiani mwambie aje upesi."

Neno moja tu, nani angejua? Angejua mama. Akapiga kengele, akatoka kinyumenyume, kisha akatimua mbio hadi kisimani. Akavua taji, akajisugua kwa mafuta ya nazi, akarudi na masikio bado mekundu kwa rangi.

"Mama, nimekuja."

"Mfalme kakwambia?"

"Kaniambia."

"Afadhali yeye anasikia." Akamshika mkono. "Haya, ongea basi. Kutwa sijaisikia sauti yako."

Kanaran akaongea. Paa linalovuja, mbuzi wa Devu aliyekata kamba, miti iliyokataa kutoa utomvu kwa mvua. Aliongea bila kituo, hata Devu alipomgusa bega.

"Basi, bwana. Hakusikii tena."

Alimaliza kwanza habari ya mbuzi.