Dobi Aliyevitia Vitabu Kanji

Alhamisi asubuhi, jua bado halijaingia kichochoroni, na Dzoro Tsofa tayari anapepea makaa ndani ya pasi yake. Cheche zinaruka. Anazikwepa kwa kuinamisha kichwa, bila hata kuzitazama. Kwenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kanzu ya kwanza ya siku inamngoja, nyeupe na imejaa mikunjo.

Anainyunyizia maji. Anaipiga pasi mabegani kwanza, kisha mikononi, mwisho kifuani penye tarizi, ambapo mkono unakuwa mwepesi kama wa mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Alhamisi ndiyo siku yake ngumu kuliko zote. Kesho ni Ijumaa, na mtaa huu wa Mji wa Kale, kisiwani Mombasa, hauna mwanamume anayependa kuonekana msikitini na kanzu iliyokunjamana.

Juu ya kichwa chake imepita kamba. Kwa madobi wengine, kamba kama hiyo ingeanikwa mashati. Ya Dzoro imeanikwa vitabu vya katuni, kila kimoja kimeshikwa kwa vibanio vya nguo. Mteja akikuta nguo zake haziko tayari, huinua mkono, akaangua kitabu, akaketi nacho barazani.

Mzee Abdulhalim, muuza vitambaa wa jirani, ameketi hapo tangu duka lilipofunguliwa. Miwani imemshuka hadi nchani mwa pua na katuni ameikumbatia.

"Mimi mambo haya ya kitoto siyasomi, yakhe," anasema anapoulizwa. "Nangoja kanzu yangu."

Kanzu yake iko tayari tangu jana. Dzoro anaionyesha kwa kidole, ikining'inia msumarini, kisha anakonyeza jicho na kuendelea na kazi. Katuni anazozipenda mzee huyo zinasimulia mji uliozama baharini, ambako watu hununua pumzi kwa chupa. Amezisoma zote, akarudia zote, na kila mara hufoka mahali pale pale, mwenye chupa anapopandisha bei.

Dzoro ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Kaloleni, kaunti ya Kilifi, akaacha masomo kidato cha pili karo ilipokosekana, akaja mjini kumsaidia mjomba wake aliyekuwa dobi. Leo kanzu moja humpa shilingi mia. Si pesa za kujengea ghorofa, anasema, lakini hajawahi kulala njaa.

Vitabu vilimfuata kazini. Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, Dzoro alifungua furushi la mashuka kutoka nyumba moja ya Kizingo na kukuta riwaya imejificha katikati. Aliirudisha kwa miguu siku hiyo hiyo. Mama mwenye nyumba akacheka, akamwambia aichukue, mwanawe ameshaimaliza.

Ilikuwa ya kwanza kati ya riwaya nne za vijana. Zinahusu mji ambao kila mtoto akifika miaka kumi na mitano hupigwa chapa ya kazi mkononi, na kazi hiyo haibadiliki mpaka kaburini. Msichana mmoja, Sauda, anakataa chapa na kuanza kutafuta njia ya kutoka nje ya kuta za mji.

"Nilisema, huyu ni mimi kabisa," Dzoro anakumbuka. "Mimi nami nilipewa pasi mkononi, sikuulizwa. Nilisoma huku makaa yakizimika. Mjomba alinigombeza mpaka akachoka."

Zile nyingine tatu alizisaka kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba kule Mwembe Tayari, moja baada ya nyingine, kwa miaka. Tangu hapo hajaacha kuzirudia. Watu humuuliza kama hakuna vitabu vingine duniani. Huwajibu kwamba vipo, na anavisoma, ila hivi vinne humwambia amefika wapi maishani.

"Zamani nilimchukia mamake Sauda," anasema, akiitikisa pasi ili makaa yashike moto. "Anamfungia mtoto ndani ili asitoroke. Nilitamani nimtoe kitabuni nimchape makofi. Sasa nami ni mzazi. Nikimsoma, roho inaniuma. Ni yule yule, hata neno moja halijabadilika. Mimi ndiye niliyebadilika."

Mtoto anayemzungumzia ni Joy Nyevu, bintiye wa pekee, aliye kidato cha nne katika shule ya bweni. Mamake, Priscah, aliugua na kufariki Joy akiwa darasa la nne.

Baada ya mazishi nyumba ilinyamaza. Dzoro hakujua la kumwambia mtoto. Alichojua ni kumpigia pasi sare ya shule, na aliipiga mara mbili, mara tatu kwa siku, mpaka kitambaa kikaanza kung'aa. Jioni moja, kwa kukosa la kufanya, alikitoa kitabu cha kwanza sandukuni akaanza kusoma kwa sauti. Joy akasogea. Ukurasa wa pili akauliza swali. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu msiba.

Kuanzia siku hiyo ikawa desturi. Kila likizo wanaanza kitabu cha kwanza na kumalizia cha nne, wakipokezana kusoma baada ya chakula cha jioni.

"Bila vitabu hivi tungekuwa kama wapangaji wawili," anasema Dzoro. "Habari ya asubuhi, usiku mwema, basi."

Ndiyo maana kilichotokea mwaka huu kilimnyima raha.

Vitabu vilikuwa vimechakaa. Kurasa zimelegea, pembe zimejikunja, jalada la kitabu cha nne limekuwa laini kama leso ya zamani. Dzoro alitaka kumfurahisha Joy akirudi likizo ya Agosti. Dobi akiona kitu kimelegea, dawa anayoijua ni moja. Akapika kanji ya unga wa muhogo, ile ile anayotia kwenye kola za kanzu, akaipaka ukurasa kwa ukurasa kwa kitambaa, akavianika kivulini, kisha akavipiga pasi juu ya gazeti.

Vilitoka vimesimama wima. Mzee Abdulhalim mwenyewe alivigonga kwa kidole akasifu. Dzoro akavifunga kwa shuka safi, akaviweka ndani ya sanduku chini ya kitanda, na kwa wiki kadhaa akatembea akijipongeza.

Hakukumbuka kwamba kanji ni chakula. Alipofungua sanduku siku chache kabla ya shule kufungwa, mende walitawanyika kila upande. Vitabu vitatu vya kwanza walikuwa wamevimega pembeni tu, maandishi yakapona. Cha nne, kilichokuwa chini kabisa, walikila kutoka nyuma. Sura ya mwisho yote ilikuwa vipande na vumbi.

"Nililia," anasema Dzoro bila kuona haya. "Mwanamume mzima, nimepiga magoti mbele ya sanduku, nalia kwa sababu ya mende."

"Na kanji aliitia mwenyewe kwa mkono wake!" Mzee Abdulhalim anadakia kutoka barazani. "Amewapikia, akawatandikia na shuka!"

Dzoro alirudi Mwembe Tayari, akauliza kila muuzaji. Kitabu kile hakikuwepo. Mmoja alimpa pole, kisha akajaribu kumuuzia kitabu cha mapishi. Dobi akarudi nyumbani mikono mitupu, na hofu iliyomkaa haikuwa ya karatasi. Joy amekua. Mwaka ujao huenda akawa chuoni, mbali na Mombasa. Dzoro aliogopa kwamba kitu pekee kilichowaweka meza moja kimeliwa, na kimeliwa kwa ujinga wake.

Joy alipofika, babake alimweleza kila kitu kabla hajaweka begi chini. Msichana alikasirika hasa. Alifungua sanduku, akatazama, akalifunga. Siku mbili alijibu kwa kutikisa kichwa tu, na Dzoro akaiona ile nyumba ya baada ya mazishi ikirudi.

Siku ya tatu alikuja dukani na chai ya babake, akaketi juu ya furushi la nguo.

"Baba, kilichopotea ni sura ya mwisho peke yake?"

"Peke yake, mama. Lakini naikumbuka. Tutaisimulia kwa mdomo. Mamake Sauda anautupa ufunguo wa mlango kisimani, Sauda anabaki ndani ya kuta."

Joy akamkodolea macho. "Kisimani? Wapi! Haiishi hivyo hata kidogo."

"Nimeisoma tangu hujazaliwa, Nyevu."

"Uliisoma ukiwa kijana, ukiwa na hasira na yule mama. Tangu tuanze kusoma pamoja, baba, hujawahi kuifikia sura ya mwisho. Kila likizo ikifika zamu ya sura hiyo unalala kitini. Umetoka kupiga pasi kutwa, unachoka. Mimi huimalizia peke yangu, kwa sauti, nikikutazama ukikoroma. Sikutaka kukuamsha."

Dzoro anasimulia kwamba aliiweka pasi chini, kwenye kigae chake, ili asiunguze nguo ya watu. Muda wote huo alidhani anamsomea mtoto, kumbe mtoto ndiye aliyekuwa akimsomea.

"Akanishika mkono," anasema. "Akaniambia, sura hiyo naijua neno kwa neno, baba. Mende wamechelewa."

Usiku huo walianza upya kitabu cha kwanza. Sasa wako mwishoni mwa cha nne. Joy, aliyepita dukani kuchukua sare yake, anasema sura ya mwisho itasimuliwa Jumamosi hii hapa barazani, mchana, babake akiwa hajachoka. Mzee Abdulhalim ametangaza kwamba mambo hayo hayamhusu, kisha akauliza ni saa ngapi.

Joy hataki kudokeza mama anaufanya nini ule ufunguo. Dzoro amebembeleza, amejaribu hata kumhonga kwa viazi karai, wapi.

Jumamosi dobi huyu atafunga duka mapema, jambo ambalo wateja wake hawajalizoea. Kanzu za harusi mbili zitangoja mpaka jioni, na wenyewe ameshawaomba radhi.

"Mtoto wangu ataondoka, najua, na sitamfungia mlango," anasema Dzoro Tsofa. "Lakini kwanza nataka kumsikiliza mpaka neno la mwisho. Nikisinzia safari hii, nimemwambia, aniamshe."