Nimegoma kufyeka kichaka cha mtoni Busale, ukoo umeninunia

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoandika yamenitokea mwenyewe. Mama yupo hapo uani, anaweza kuyathibitisha kwa matusi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kyela mjini naenda chumvi ikiisha.

Marehemu baba aliniachia shamba Busale, linashuka mpaka mtoni. Juu nalima mpunga. Kule ukingoni sijawahi kugusa: mikuyu, matete, magugu. Majirani wanapaita Ikulu ya Nyoka.

Mwaka jana akaja dada mmoja, mtafiti wa chuo, na wenzake. Wanataka kujua kama ukingo wenye miti unasaidia maji na samaki kuliko ukingo uliolimwa mpaka majini, kama wa jirani yangu wa kokoa. Wakachomeka vijiti, wakapima joto la maji, wakahesabu vifaranga vya samaki.

Dada akaniambia, "Kaka, kazi yako ni moja. Usiguse kitu mpaka turudi baada ya mvua."

Wakuu, ajira hiyo nimeisubiri tangu nimalize form four.

Mvua zikaisha, dada akapiga simu kwamba wanakuja. Nikafanya ujinga wa kumwambia mama. Kwetu mgeni akisikika tu, watu wanafyeka hadi njia ya chooni.

Jumamosi natoka na kikombe changu cha chai, namkuta baba mdogo na wanawe wanashuka mtoni na mapanga.

"Baba mdogo, wapi tena?"

"Kukusitiri. Wageni wa chuo wapokelewe porini kama nyani?"

"Pori ndilo wanalolifuata!"

"Loo! Siku hizi uvivu nao una wasomi?"

Wakaanza na kona ya chini. Nikakimbia (mimi!), nikakaa chini katikati ya vijiti.

Nikawaambia, mkifyeka hapa vipimo vyote vya mwanzo ni bure, hakutakuwa na cha kulinganisha. Sitoki.

"Baba yako angekuwepo angekuchapa."

"Angekuwepo lingekuwa shamba lake. Sasa ni langu."

Kwetu baba mdogo haambiwi hivyo. Akaweka panga begani, akaondoka na wanawe. Mpaka leo salamu yangu haitikii.

Watafiti wakaja, wakapima, ile kona iliyofyekwa wakaiacha nje ya hesabu. Nikamuuliza dada, kwa hiyo nimeshinda? Akacheka. "Bado kaka. Msimu mmoja hautoshi. Huenda kichaka chako hakisaidii kitu."

Basi sawa.

Nilichojifunza: kuacha kitu bila kukigusa ni kazi, tena inachosha kuliko kulima. Jembe halikununii.

Wa kuniita mvivu aandike hapo chini, nitasoma nikiwa nimelala. Majibu yakisema kichaka hakifai, wa kwanza kushika panga ni mimi. Kabla ya hapo hafyeki mtu.

Baba mdogo, najua wanao wanakusomea humu. Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa kunisitiri. Ila hapana.