Jina Nyuma ya Jalada

Mimi ndiye niliyembandika Norman Tattersall jina la Clive, na sijivunii. Nilimbandika katika chumba cha chai cha kituo chetu cha mabasi hapa Stockport, wenzangu wakalidaka papo hapo, na miaka thelathini mwanamume wa watu akaendesha basi la Hazel Grove akiitwa jina lisilo lake.

Kisa kilikuwa santuri. Mwaka 1968 bendi ya vijana wa mtaa wa Heaton Lane ilirekodi albamu ya muziki wa bluzi, Mvua ya Jumatatu, ambayo wazee wa huku huizungumzia kana kwamba wote walikuwepo studio. Mpiga kinanda cha mdomo wa bendi ile alikuwa Clive Openshaw. Siku ya kurekodi Clive aliamka na matubwitubwi, mashavu yamemvimba, hata kumeza uji hawezi. Wakamkimbilia Norman, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa akijifunza kazi kiwanda cha kofia. Akapiga nyimbo zote kumi kwa siku moja, kesho yake akarudi kwenye kofia zake. Lakini majalada yalikuwa yamekwisha chapwa. Nyuma yaliandikwa: kinanda cha mdomo, Clive Openshaw.

Hivyo ndivyo Norman alivyosimulia, nami sikumwamini hata chembe. Hatukuwahi kumwona na kinanda mkononi. Ukimwomba apige, anasema aliacha alipooa. Sasa mtu kama huyo utamwacha? "Clive, lete sukari!" "Clive, basi lako linavuja mafuta!" Yeye alitabasamu tu, akaleta sukari. Mkewe, Beryl, ndiye aliyekuwa akinikata jicho.

Mwaka jana zikaja habari kwamba santuri ile inatolewa upya. Norman alinijia nyumbani na barua aliyoiandikia kampuni ya santuri, nimkagulie.

"Sitaki hela yao, Wilf," akaniambia. "Nataka mstari mmoja. Waniandike tu."

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, la heshima kweli kweli. Wanunuzi, walisema, wanataka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa mwanzo; hata doa la wino lililokuwa pembeni mwa jalada wamelirudisha mahali pake. Norman aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Doa wamelitafuta," akasema. "Mimi hawakunitafuta."

Siku ile ndipo nilipoanza kumwamini, na nilijisikia vibaya. Mwongo angepiga kelele.

Jumamosi ya kuzindua, Clive mwenyewe, wa pekee aliyebaki hai katika bendi, alialikwa kutia saini majalada kwenye duka la santuri la Janine, kule mtaa wa Underbank. Norman alisema haendi. Beryl akamletea koti, akamfunga vifungo yeye mwenyewe kama mtoto wa shule.

"Utakwenda," akasema. "Na wewe Wilf utamsindikiza, maana ulimi wako ndio uliotufikisha hapa."

Foleni ilifika nje, mvua inanyesha, wanaume wenye vipara na mifuko ya kitambaa, kila mmoja akikagua pembe za jalada lake zisije zikawa na mkunjo. Norman alikuwa amenunua nakala moja.

"Nataka anitazame usoni mara moja tu," akaninong'oneza. "Akisema hanijui, basi. Sitalitaja tena mpaka naingia kaburini."

Tukafika mezani. Clive alikuwa mzee mdogo, ana kifaa sikioni na kalamu nene nyeusi.

"Niandike kwa nani, mzee wangu?" akauliza bila kuinua kichwa.

Norman alikohoa. "Matubwitubwi yalipona?"

Kalamu ikasimama. Clive akainua uso, akamtazama mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna.

"Mungu wangu," akasema. "Kijana wa kofia."

Akaligeuza jalada, akalikata jina lake kwa mstari mmoja mnene, na juu yake, bila kuuliza, akaandika Norman Tattersall. Janine akapiga ukelele.

"Bwana Clive! Unaliharibu!"

"Nalitengeneza, mwanangu." Kisha akamgeukia Norman, machozi yakimlengalenga. "Watu wananipa mkono kwa ajili ya ule wimbo wa tatu. Mwanzoni nilikuwa nakana. Baadaye nikachoka kukana. Baadaye tena, nikaanza kuona raha. Nisamehe, ndugu yangu."

 Norman aliitikia kwa kichwa, akashika kiti kilichokuwa kando yake.

Mwenye kipara mmoja aliyekuwa nyuma yetu akadakia. "Na langu likate vivyo hivyo!"

Basi ikawa vurugu. Watu wale wale waliotaka hata doa lisiguswe sasa walisukumana wakatiwe jina, maana jalada lililokatwa jina na Clive mwenyewe halipo kwingine duniani. Janine akaleta kiti cha pili. Clive anakata, Norman anatia saini. Yalifika majalada arobaini na kitu. Mimi nilisimama dirishani nikilia, na wala sikujificha.

Jumatatu mchana nilitangulia baa tunakokutana kila wiki, nikamwagizia pai yake ya nyama, nikakaa nikipanga maneno ya kuomba radhi. Akaingia, akasimama kaunta kunipa mgongo, akiongea na mwenye baa.

"Norman!" nikaita.

Hakugeuka. Nikaita tena, kwa sauti zaidi. Masikio yake ni mazima kuliko yangu, lakini hakusogeza hata bega. Miaka yote ile, sauti yangu haikuwahi kumwita kwa jina hilo.

Nikaisogeza pai kando.

"Clive," nikasema polepole.

Akageuka mara moja, na tabasamu lake lile lile. "Naam, Wilf. Nikuletee sukari?"