Nilimwambia Daktari Kwamba Mama Amekubali Mpira

Admin, naomba unifichie jina, ndugu zangu wengi wako humu. Mimi ni mama wa miaka 36, nimeolewa, naishi Njiro hapa Arusha. Mama yangu mzazi ni mkulima wa kahawa na ndizi kule juu ya Kikatiti. Anaumwa saratani ya koo.

Mwaka jana, alipokuwa bado anaongea, tulikuwa jikoni kwake tunamenya ndizi akaniambia, "Mwanangu, siku nikishindwa kumeza msinipeleke kuwekewa mipira. Niacheni nife kitandani kwangu. Kaka yako hatanielewa, ndiyo maana nakuambia wewe." Nikamjibu, "Sawa, mama." Nilisema hivyo ili yaishe tu, sikutaka kusikia habari za kufa.

Mwezi uliopita hata maji yakagoma kupita. Sauti ilishapotea. Nilipomwona midomo imekauka hivyo, hajitambui, nilishikwa na hofu, nikaita gari, mimi na kaka tukamkimbiza hospitali. Daktari akasema, "Tukimpitishia mpira wa chakula puani ataishi kwa muda, ila hatapona. Aliwahi kusema angetaka nini?"

Nikajibu, "Alisema afanyiwe kila kinachowezekana."

Nilidanganya, jamani. Nilimdanganya daktari, na kaka yangu amesimama pale pale anasikia.

Mama alipozinduka aliugusa ule mpira, akanitazama kwa muda mrefu, halafu akageukia ukutani. Tangu hapo nikimwambia shikamoo hata macho haniinulii. Ameshauchomoa zaidi ya mara moja, mpaka manesi wakamfunga mikono kwa bandeji. Mimi ndiye ninayemfungua nikimwogesha, na nikimaliza ni mimi ninayemfunga tena. Watu wa kanisani wakija kumwona wananisifu, eti mama amebarikiwa kupata binti kama mimi. Natamani ardhi inimeze.

Juzi daktari alituita. Mpira unatakiwa kubadilishwa. Akasema tukiamua usirudishwe, atatupa dawa za maumivu tumpeleke mama nyumbani. Kaka, ambaye ni mzee wa kanisa, akawaka: "Yaani tumuue mama? Mambo ya kusaidia watu kufa ni ya huko Ulaya!"

Daktari akamjibu taratibu, "Sindano ya kumuua sheria hairuhusu, na hata ingeruhusu mimi nisingemchoma. Ninachouliza ni kama mama mwenyewe bado anautaka huu mpira."

"Anautaka! Anauchomoa kwa sababu dawa zimemchanganya. Alipokuwa na akili zake alikubali, huyu mdogo wangu ndiye shahidi."

Wote wakanigeukia. Nikaomba tupewe siku chache za kufikiri. Tunarudi kwa daktari Jumatatu.

Nikisema ukweli, mama ataondoka, na kaka atasema nimetunga uongo kwa sababu nimechoka kuuguza. Na kweli nimechoka. Ndiyo maana hata mimi sijiamini tena. Sijui kama namtetea mama au natafuta kupumzika. Nikinyamaza, mpira unarudi puani, na mikono nitamfunga mimi.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Ila nyie mliowahi kuuguza mzazi, nisaidieni kabla ya Jumatatu: nimwambieje kaka yangu? Na mama nitamwombaje msamaha, wakati hataki hata kunitazama?