Kaburi Lililokatwa Kwenye Kibao

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika jani hata moja. Bwana Shamba, Mwingereza aliyesimamia bustani ya maonyesho ya Serikali pale Wete, alinipa rundo la magazeti makuukuu akaniambia niyanyooshe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, nimetoka skuli karibuni, na nilidhani kazi ya mimea ni jembe na ndoo ya maji tu. Magazeti yale, nilikuja kufahamu, ndiyo kitanda cha sampuli. Tawi dogo lenye jani, ua na tunda hulazwa kati ya karatasi, likabanwa kwa mbao mbili na kamba, na karatasi zikabadilishwa mpaka unyevu uishe. Likikauka vizuri, mtu ambaye hajazaliwa bado ataweza kuona ulichokiona wewe. Ukilibana likiwa na maji, umehifadhi uozo.

Bwana Shamba alikuwa na Kiswahili cha kutafuta, lakini akikipata hukitumia sawasawa. "Usiniambie mti gani," alikuwa akisema. "Niambie unaona nini." Basi tulijifunza kutazama. Majani yamekaa mawilimawili yakielekeana, kama ya mkarafuu, au yanapishana? Ukivunja kikonyo, panatoka utomvu? Mweupe au kama maji? Mambo haya, vijana wangu, hayataki chombo cha dukani. Yanataka macho na subira, na kila mmoja wenu anavyo.

Baada ya muda nilipelekwa msitu wa Ngezi chini ya Bwana Misitu, mtu mrefu aliyetembea mbele yetu kimya kama anayekwenda msibani. Huko niliujua mpapindi, mnazi mwembamba wa porini ambao, alivyotueleza, haukupatikana kisiwa kingine. Nilibana sampuli zake mpaka vidole vikachubuka. Kisha nikarudishwa Wete, na kazi niliyoikuta ilikuwa ya vibao.

Bwana Shamba alitaka kila mmea bustanini uwe na kibao chenye jina la Kilatini na jina letu chini yake. Jina la Kilatini ni moja dunia nzima. Hiyo ndiyo faida yake. La kwetu lina shughuli, kwa sababu mti mmoja huwa na majina mawili, na jina moja likabeba miti miwili.

Chukueni mbono. Wengi wetu Wete, mmea unaokamuliwa mafuta ya kuwalambisha watoto wenye mchango wa tumbo twauita mbarika. Lakini zilikuwepo nyumba zilizouita mbono tu. Na upo mmea mwingine, wa ukoo huohuo, unaopandwa uani na makaburini, nao ni mbono kaburi. Mafuta ya huu wa pili ni sumu. Mmea tuliokuwa nao bustanini ulikuwa huu wa pili.

Bwana Shamba alisoma orodha ya vibao, akauliza maana ya kaburi. Nilipomweleza alitikisa kichwa. "Wageni wanakuja hapa kufurahi. Bustani si mahali pa makaburi. Andika mbono. Kilatini kipo juu, hakuna atakayekosea." Kikaandikwa MBONO, kwa rangi nyeupe.

Asubuhi moja nilikwenda kukusanya mbegu za mmea ule nikakuta vishada vimechumwa. Nikamuuliza Mzee Faki, mlinzi wa lango.

"Kachukua Bi Mize wa Fundo," akanijibu. "Kaniomba kwa adabu, nikampa. Mjukuu wake mchanga tumbo limemshika, anakwenda kumkamulia mafuta."

"Saa ngapi?"

"Chai yangu ilikuwa moto bado."

Sasa ilikuwa imepoa. Nilikwenda pwani nikapata mashua ya wavuvi wanaorudi kisiwani Fundo. Njiani nilijipa moyo kwa jambo moja: mafuta hayo hayafanywi haraka. Mbegu hukaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa kwa maji, ndipo mafuta yakaenguliwa juu.

Nilimkuta Bi Mize jikoni, mwiko mkononi, chungu kinatokota. Bintiye Asha alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto kifuani, anayelia kwa sauti iliyokwisha nguvu.

"Shikamoo, Bi Mize. Mtoto keshalamba?"

"Marahaba. Bado. Mbona wahema hivyo, mwanangu? Serikali imekutuma uje ulambe nawe?"

"Bi Mize, ule si mbono wako. Ule ni mbono kaburi. Utamdhuru."

Hakuacha kukoroga. "Mie sikusoma. Asha kasoma, n'likuwa naye. Asha, kile kibao kimesemaje?"

"Mbono, mama."

"Umesikia? Kaburi limo wapi?"

"Tulilikata," nikasema.

"Mkalipeleka wapi?"

Nilichungulia chunguni. Nikamuuliza kama mbegu zilikuwa na madoa na mng'aro, kama zile alizozoea.

"Hazina. Nyeusi ti. N'kasema hii ndiyo mbegu ya Serikali, wameshaisafisha."

Asha alicheka kidogo. Bi Mize hakucheka. Kumbishia mtu mzima jikoni kwake kusingenifikisha mahali, na mtoto alikuwa akilia. Nikakumbuka nilivyofundishwa.

"Jani la mbono wako likoje, Bi Mize? Nionyeshe."

Akauinua mkono wake, vidole vimetanuka. "Hivi."

"Na la kule bustanini?"

Alitazama mkono wake. Polepole vidole vikasogeleana mpaka vikagusana.

"Hivi," akasema.

Akakitua chungu chini, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akamimina yote na kufukia. Mtoto tulimvusha Wete siku ileile, akatibiwa hospitali. Kabla hatujaachana Bi Mize aliniambia, "Mwambie mkubwa wako alirudishe kaburi langu mahali pake."

Nilimwambia vivyo hivyo. Bwana Shamba aliondoka mezani, akaenda akasimama mbele ya kibao muda mrefu. "Kibao ni kifupi," nikasema. "Tafuta ubao mrefu," akajibu. Toka hapo, kila jina tuliloandika tuliandika na mahali linapotumika, na nilipohamishiwa Micheweni, kwenye ardhi ya mawe, niliendelea hivyo chini ya wakubwa wengine mpaka nikastaafu.

Watu huniuliza jina lipi ni sahihi, la Kilatini au letu. Yote sahihi, ukiyataja yakiwa kamili.

Bi Mize alifariki nikiwa nimeshastaafu. Nilikwenda Fundo kuzika. Baada ya dua, mjukuu wake Omar, yule aliyekuwa akilia mkekani, sasa mtu mwenye ndevu, alichomeka kipande cha mti kichwani pa kaburi.

"Mti gani huo, Omar?" nikamuuliza.

Akautanua mkono wake wenye udongo. "Si ule wa hivi, mzee," akasema. Kisha akavikusanya vidole. "Ni huu."