Kidole Gumba cha Wifi

Wifi wa mgonjwa mmoja, anayefanya kazi maabara, ana kidole gumba kisichojua kujipendekeza. Kila asubuhi hubandika plasta juu ya majina kwenye vioo vilivyopakwa damu, asijue ni ya nani, huinamia hadubini, na kidude cha kuhesabia huanza kulia chini ya kidole hicho, ta, ta, ta, mpaka chembe nyeupe za kinga zifike mia moja. Mashine ipo, lakini damu za kliniki ya saratani ya matiti huzirudia kwa macho, midomo kaibana kama anayetunga uzi kwenye sindano. Mgonjwa huyo, ambaye saratani yake imeshafika mifupani, humtazama kupitia dirisha la majibu. Akimuuliza lolote hujibiwa, "Msubiri daktari, wifi."

Leo alimwona akihesabu kioo kimoja mara mbili, kisha akibandua plasta na kusoma jina. Wifi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaandika, kwa mwandiko uleule wa siku zote.

"Mashine ilisema chembe zako za kinga zimepanda," daktari alimweleza mgonjwa baadaye. "Kumbe ilihesabu na chembe nyekundu changa, zinazosukumwa nje ya mifupa ugonjwa ukiivamia. Za kinga zimeshuka. Ugonjwa umesogea, itabidi tubadilishe dawa leo, tusingoje mwezi ujao."

Mgonjwa alirudi kwenye benchi na karatasi yake, akamwonyesha mwanamke aliyekaa jirani namba iliyokatwa kwa kalamu na nyingine iliyoandikwa juu yake.

"Hii kaandika wifi yangu," alisema, shingo kainyoosha. "Damu ni yangu, na hakunipendelea hata kidogo."