Mchwa Chini ya Jukwaa

Fundi seremala alikuwa amelala chali chini ya jukwaa la kutazamia wanyama alipochomeka bisibisi kwenye boriti ya katikati. Ikazama mpaka mpini. Mchwa walikuwa wamekula ndani kote, wakabakiza ganda.

Jukwaa alilijenga mwenyewe, pale njia ya msituni inapokata kona na bonde la mto kufunguka lote. Mwezi uliopita alitumwa kulikagua; akagonga nyundo mara mbili tatu juu juu, akaandika kwamba bado zima. Leo roho iliyomsuta ndiyo iliyomrudisha.

Vishindo vikapita juu yake. Wageni walikuwa wamewahi: walimu kumi na mmoja waliokuwa mapumzikoni, wote wamesongamana ukingoni. Aliyewaongoza alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke asiyeishiwa utani.

Fundi akatambaa nje, kinywa wazi apige kelele. Akajizuia. Hatua thelathini kutoka pale, tembo jike na mtoto wake walikuwa wamesimama kwenye matete ya mto. Akipiga kelele, tembo watashtuka; watu nao watakimbilia ngazi kwa pamoja, na boriti haitangoja.

Akapanda ngazi kwa kunyata, akamvuta shemeji yake mkono.

"Watoe watu. Mmoja mmoja, taratibu."

"Bwana Misumari, tembo ndiyo kwanza wametokea! Watu wametembea tangu asubuhi."

"Shemeji, boriti imeoza."

Utani ukamtoka usoni. Alipogeuka kwa wageni, hata hivyo, sauti yake ilikuwa laini. "Walimu wangu, tunashuka mmoja mmoja, kama mnavyowapanga watoto mstarini. Atakayesukuma nitamwandika jina."

Wakacheka chinichini, wakaanza kushuka.

Fundi akarudi chini, akapiga magoti, akaiweka boriti begani. Alijua bega lake si kitu mbele ya uzito ule, lakini kukaa pembeni hakuweza. Akahesabu nyayo. Sita. Saba. Vumbi la mbao likamwingia machoni. Tembo jike akainua mkonga, akanusa upande wake.

Wa kumi akashuka. Wa kumi na moja hakushuka.

"Picha moja tu," akanong'ona mwalimu mmoja mnene.

"Mwalimu, tafadhali. Sasa hivi."

Mwalimu akapiga hatua nzito, boriti ikalia, kwaa! Tembo akatandaza masikio, akaja hatua mbili. Fundi akatazamana naye macho kwa macho, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Kisha mtoto akatumbukia majini kwa kishindo, na mama akageuka kumfuata.

Mwalimu akashuka. Shemeji akamfuata, akainama kuchungulia chini.

"Toka huko! Dada akiniuliza mumewe nimemwacha wapi, nitamjibu nini?"

Fundi akaiachia boriti, akaanza kutambaa nje. Shemeji akamvuta kwa mikono miwili.

Jioni hiyo alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa hifadhi. "Niliandika zima bila kuangalia vizuri. Kosa ni langu." Mkuu akamwondoa kwenye ukaguzi kwa mwaka mzima. Kujenga alimwachia. Kesho yake fundi akapanda na nyundo, akaanza kulibomoa, ubao baada ya ubao, na shemeji yake akasimama njiani kuwarudisha wageni.